Daraja la Ubongo na Haki ya Mtoto

Tumeombwa kuzungumza nanyi juu ya kiungo ambacho wengi wetu hatujapata kusikia jina lake, ingawa kimo kichwani mwa karibu kila mmoja wetu. Madaktari hukiita kopasi kalosamu. Sisi, kwa urahisi wa mazungumzo haya, tutakiita daraja la ubongo. Huenda mtu akauliza: Haki na Amani ina shughuli gani na mambo ya hospitali? Jibu letu ni hili: kila penye mtoto anayefichwa, na kila penye mama anayelaumiwa kwa jambo asilolitenda, pana suala la haki. Wala haki haiwezi kutendeka pale ambapo ukweli haujulikani.

1. Kazi ya daraja

Ubongo wa mwanadamu una pande mbili. Upande wa kushoto hutawala mkono wa kulia, na upande wa kulia hutawala mkono wa kushoto. Kwa watu wengi, lugha hukaa zaidi upande wa kushoto. Pande hizi hazina budi kupashana habari, na njia kuu ya kupashana habari ni daraja hilo: nyuzi za fahamu zipatazo milioni 200, zilizofungamana katikati ya kichwa.

Umuhimu wake ulidhihirika kwa njia ya watu waliokatwa daraja hilo ili kupunguza kifafa kikali. Upasuaji wa namna hiyo ulianza Marekani yapata mwaka 1940. Katika miaka ya 1960, huko California, Roger Sperry na wenzake waliwachunguza baadhi ya waliopasuliwa. Mgonjwa alipopewa kitu katika mkono wa kushoto pasipo kukiona, hakuweza kukitaja jina. Lakini mkono ule ule uliweza kukipapasa na kukichagua tena kati ya vitu vingine. Upande mmoja ulijua, upande wa pili ulikosa habari. Kwa kazi hiyo Sperry alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

2. Jinsi daraja linavyojengwa

Nyuzi za kwanza huanza kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili yapata wiki ya 12 ya mimba. Kabla ya hapo, seli zilizo katikati ya ubongo hutayarisha njia, nazo hutoa kemikali ambazo baadhi huvuta nyuzi na baadhi huzisukuma, ili kila moja ifike inakotakiwa. Kufikia yapata wiki ya 20, umbo zima la daraja huweza kuonekana. Hata hivyo kazi haijaisha. Mtoto huzaliwa na daraja jembamba, na nyuzi zake huendelea kuvikwa utando wa mafuta unaoharakisha habari, mpaka kijana anapopita umri wa miaka 20.

Basi tuyashike mambo mawili. Msingi wa daraja huwekwa katika miezi ambayo mama mwingine bado hajahudhuria kliniki, pengine hata hajawaambia jamaa zake kwamba ni mjamzito. Na baada ya msingi, ujenzi huendelea kwa miaka mingi, miaka ambayo mtoto yumo mikononi mwa familia, shule na jamii.

3. Daraja linapokosekana

Hukadiriwa kwamba mtoto mmoja katika kila 4,000 hivi huzaliwa akiwa hana daraja hilo. Wengine huwa nalo sehemu tu, na wengine huwa nalo zima lakini jembamba mno. Katika hali hiyo nyuzi nyingi zilizoshindwa kuvuka hazipotei. Hugeuka zikakimbia kwa urefu ndani ya upande wao wenyewe, na ubongo hutafuta vijia vingine vidogo vya kuvukia. Mwaka 2011 wachunguzi huko California waliwapima watu wazima 8 waliozaliwa bila daraja kabisa, wakaona kwamba pande mbili za ubongo wao ziliendelea kufanya kazi kwa upatano mkubwa. Mtoto aliyezaliwa bila daraja, basi, si sawa na mtu mzima aliyekatwa daraja lake.

Dalili hutofautiana sana. Yuko mtoto anayepatwa na degedege mapema, mwenye viungo vilivyolegea, anayenyonya kwa shida, na anayechelewa kukaa, kutembea na kusema. Hasa huwa hivyo ikiwa sehemu nyingine za ubongo nazo zina kasoro. Yuko na mwingine ambaye akili yake ni ya kawaida, anasoma na kuandika, lakini hutatizika kazi inapokuwa na hatua nyingi. Haoni upesi kwamba mwenzake ametania, wala hasomi hasira au huzuni katika uso wa mtu. Huyu wa pili yu hatarini kwa namna yake: kwa kuwa ulemavu wake hauonekani, huitwa mvivu, mkaidi au mjinga, na huchapwa kwa makosa asiyoyajua.

Kim Peek alizaliwa mwaka 1951 mjini Salt Lake City, Marekani, bila daraja hilo. Wazazi wake walishauriwa wamweke katika nyumba ya kutunzia wasiojiweza. Wakakataa. Alikuja kuwa mtu aliyekumbuka maelfu ya vitabu alivyosoma, na habari zake ndizo zilizotoa wazo la filamu ya Rain Man ya mwaka 1988. Hata hivyo hakuweza kujifunga vifungo vya shati, na baba yake alimhudumia mpaka Kim alipofariki mwaka 2009. Tusije tukadhani kwamba kila mtoto wa namna hii ana kipaji cha ajabu, wengi hawana. Funzo letu liko kwingine. Wazazi wale walikataa kumwacha mtoto wao kabla hawajajua kama ana kipaji chochote. Walimpokea kwa sababu ni mtoto wao, nayo ilikuwa sababu ya kutosha.

4. Sababu, na yale yasiyo sababu

Mara nyingi chanzo ni mabadiliko katika chembe za urithi. Katika maeneo ya Charlevoix na Saguenay, jimboni Quebec nchini Kanada, kuna ugonjwa wa kurithi ambamo wengi wa wagonjwa hukosa daraja la ubongo. Mtoto huupata akirithi chembe yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia, ilhali wazazi wenyewe ni wazima na hawana habari. Mabadiliko mengine hayarithiwi hata kidogo. Hutokea upya katika mimba ile. Maradhi yanayompata mama akiwa mjamzito, kama vile rubella, yaweza kuwa chanzo. Pombe wakati wa mimba nayo yaweza kuliharibu daraja. Na mara nyingi madaktari hutafuta chanzo wasikione.

Ndugu zetu, laana haimo katika orodha hii. Uchawi haumo. Mkosi wa ukoo wa mke haumo. Mume anayemrudisha mke kwao kwa sababu ya mtoto wa namna hii anamwadhibu asiye na hatia, na pengine yeye mwenyewe amechangia nusu ya urithi ule.

5. Mshahara wa mvinyo

Tumetaja pombe, nasi hatuna budi kuitazama kwa jicho la haki. Katika mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Magharibi, Afrika ya Kusini, ilikuwapo tangu zama za ukoloni desturi ya kuwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, wakigawiwa mara kadhaa kwa siku. Sheria ilipiga marufuku, lakini desturi iliendelea kwa miaka mingi. Vizazi vya wafanyakazi, wanaume kwa wanawake, vilifundishwa ulevi na mwajiri. Uchunguzi uliofanyika mwaka 1997 katika mji mmoja wa jimbo hilo ulikuta kwamba kati ya kila watoto 1,000 walioanza shule, zaidi ya 40 walikuwa na madhara makubwa ya pombe waliyoyapata tumboni. Pombe hudhuru sehemu nyingi za ubongo wa mtoto, na daraja ni mojawapo ya zile zinazodhurika kwa urahisi.

Je, tumlaumu mama yule peke yake? Ni nani aliyemjazia kikombe badala ya kumpa fedha? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni kweli kwamba mjamzito asinywe pombe kabisa, nasi twalisema hilo wazi. Lakini anayelisema na kunyamaza juu ya ujira, umaskini na mume anayemlazimisha mkewe kunywa naye, amesema nusu ya ukweli.

6. Yatupasayo kutenda

Kwanza, tuwahi. Mtoto mchanga mwenye degedege, au anayechelewa kukaza shingo na kukaa, apelekwe hospitali. Maadamu utosi ungali wazi, kipimo cha ultrasaundi kupitia utosini chaweza kuonyesha kama daraja lipo, hata pasipo mashine kubwa za miji mikuu.

Pili, tutunze. Daraja lililokosekana halioteshwi kwa dawa wala kwa kombe. Lakini kifafa chaweza kutulizwa kwa dawa zinazomezwa kila siku bila kukatiza, na mazoezi ya viungo na ya kusema yakianza mapema huzaa matunda. Samaki mkunje angali mbichi.

Tatu, tufundishe kwa subira. Mwalimu atoe agizo moja kwa wakati mmoja, alirudie, ampe mtoto muda. Mzaha aufafanue. Fimbo haijengi daraja.

Nne, tudai haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 23, unamtambua mtoto mwenye ulemavu kuwa na haki ya maisha kamili yenye heshima. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 24, unakataza kumtenga na elimu. Mwalimu mkuu anayemkatalia mtoto nafasi hatoi msaada anapobadili nia, analipa deni.

Tano, tuzuie yanayozuilika. Watoto wapate chanjo ya surua na rubella. Mjamzito asaidiwe kuacha pombe pasipo kutukanwa. Na asiwepo miongoni mwetu anayemlipa kibarua kwa pombe, hata kama ni debe moja siku ya kulima.

Ndugu wapendwa, nyuzi zilizokosa kuvuka tumboni mwa mama hatuwezi kuzivusha. Lakini kumvusha mtoto kutoka chumba cha ndani hadi barazani, na kutoka barazani hadi darasani, kazi hiyo iko mikononi mwetu. Tukirudi majumbani tuulizane: katika mtaa wetu, ni mtoto yupi ambaye hatujamwona nje siku nyingi? Kisha twende tukabishe hodi.