Gari Kuukuu Lisilowaka: Tuitafute Cheche

Somo la leo lawahusu hasa ninyi mlioko Kyela, Ipinda, Matema na ufuko wote wa kaskazini wa Ziwa Nyasa: mwenye gari kuukuu la petroli, na asiye nalo pia, kwa maana asiye nalo ndiye asukumaye.

Tuchukue mfano wa Kombi ya Volkswagen. Gari hili lilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, na Kombi za mwisho zilitoka kiwandani Brazil mwaka 2013. Zilizobaki ni wazee. Nyingine zimetiwa vitanda na jiko, mwenyewe apate kulala safarini.

Tuseme Kombi moja ya namna hiyo imeteremka kutoka Tukuyu, ikalala kijijini kati ya Ipinda na Matema. Usiku kucha mvua imenyesha. Alfajiri jirani aleta mtoto mwenye homa kali, apelekwe hospitali. Ufunguo wazungushwa, injini yazunguka, lakini haiwaki. Tufanyeje?

Kwanza, tusikilize. Injini isipozunguka kabisa, au ikizunguka kwa uvivu, shaka ni betri, vichwa vyake, au stata. Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo. Taa zikififia sana, betri imechoka au vichwa vyake vimeshika kutu. Visugue, uvikaze. Lakini injini ya mfano wetu yazunguka vizuri. Basi betri tuiache. Yakosekana cheche au petroli.

Pili, tunuse. Katika magari ya zamani mipira ya petroli hupasuka na kudondosha juu ya injini. Ukiona petroli imemwagika, usijaribu cheche hata kidogo. Ziba, kausha, ngoja harufu iishe. Watu wameunguza magari kwa haraka ya dakika moja.

Tatu, tuitazame cheche. Betri hutoa volti 12 tu. Koili huzikuza zikawa maelfu mengi, na distributa huzigawia plagi nne kwa zamu. Chomoa waya mnene utokao kwenye koili, pale uingiapo katikati ya kifuniko cha distributa. Ushike kwa koleo lenye mpini wa mpira, ncha yake iwe karibu milimita 6 kutoka chuma cha injini. Usiushike kwa mkono mtupu. Mwenzako azungushe ufunguo.

Cheche ya buluu ikiruka kwa kishindo, koili na pointi ni nzima. Ubaya uko mbele: kifuniko, rota, nyaya za plagi, au plagi zenyewe. Fungua kifuniko utazame ndani. Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu ni njia nyepesi ya umeme kupotea. Pangusa kifuniko, rota na nyaya kwa kitambaa kikavu. Ukiona ufa au mstari mweusi kama wa kalamu, kifuniko hicho hakifai tena. Kisha fungua plagi moja. Ikiwa imelowa petroli, petroli yafika lakini haiungui, ikaushe. Ikiwa kavu kabisa, ifuate njia ya petroli.

Cheche isiporuka, rudi nyuma. Washa swichi, uguse kwa taa ndogo ya majaribio msumari wa koili unaopokea umeme wa swichi. Taa isipowaka, waya umekatika kati ya swichi na koili. Ikiwaka, tazama pointi. Ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana injini izungukapo. Zikiwa zimeungua, zisugue kwa msasa laini, upanguse unga wake. Zikiachana kabisa, nafasi yake katika Kombi nyingi ni karibu milimita 0.4. Zikiwa safi na zafanya kazi, na cheche bado haipo, ndipo tushuku kondensa au koili.

Mwaona basi: hatukununua kitu mpaka tulipojua kilichokufa. Watu wengi huuza gunia la mpunga wakanunua betri mpya, kumbe kilichotakiwa ni kitambaa kikavu. Wala kusukuma si dawa ya kila gari. Kusukuma hushika kazi ya stata tu. Gari lisilo na cheche, hata likisukumwa na kijiji kizima mpaka ziwani, halitawaka.

Maswali ya kujibu pamoja katika kikundi chenu:

1. Injini yazunguka kwa nguvu lakini haiwaki. Kwa nini hatuanzi na betri?
2. Cheche ya koili ni nzuri. Ni vitu gani vinne vya kutazama?
3. Kwa nini twanusa kabla ya kujaribu cheche?

Kitambaa kikavu, taa ya majaribio na msasa vikae ndani ya gari tangu leo, kabla mgonjwa hajabisha hodi. Kwaherini.