Mvua Ipitayo Juu ya Paa



Huku Buyangu, ukingoni mwa msitu wa Kakamega, mvua si haba. Kwa mwaka hunyesha kiasi cha milimita 2,000. Hebu tufanye hesabu pamoja, wala usiogope. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi paa dogo la mabati, la mita za mraba 40, hupokea kama lita 80,000 kwa mwaka. Na mama wa nyumba hiyo tunamkuta njiani, mtungi kichwani, akitoka mtoni!

Sisi tusemao haya hatukuwa na akili zaidi. Mwaka tulipolipwa fedha zetu za kwanza za miwa, tulipiga lipu sebule, tukapaka rangi ya buluu, tukanunua viti vya kitambaa. Wageni walisifu sana. Gata hatukuweka. Ng'ombe alilala matopeni, kiwele kikavimba, maziwa yakakatika. Ilipofika Januari karo ilidaiwa, nasi tukauza miwa ikiwa bado shambani, kwa bei aliyoitaka dalali. Miwa ya kwetu hukaa karibu miezi 18 hadi kukomaa. Ilikuwa imebaki miezi 5 tu. Viti vile havikutusaidia neno.

Ndipo tulipoanza upya, polepole. Kwanza gata na tangi, kisha sakafu ya saruji zizini. Maziwa yaliporudi tulipeleka sehemu yake kwenye chama cha akiba na mikopo kila mwezi, hata mwezi wa taabu, ingawa ni kidogo. Faida tuliiacha humo humo.

Wengine husema mambo hayo ni ya matajiri. Lakini mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliuza kwa njia ya simu hati ya dhamana iitwayo M-Akiba, na mtu aliweza kuanza na shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Tazama riba kama hiyo ingefanya nini ikiachwa. Shilingi 10,000, ukila faida yake kila mwaka, baada ya miaka 20 ni zile zile 10,000. Usipoigusa, zinapita 67,000. Kweli bei za vitu nazo hupanda, lakini mtoto aliyezaliwa leo atakuwa anatafuta chuo wakati huo.

Katika Luka sura ya 14 Bwana Yesu anamtaja mtu atakaye kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Huketi! Mara nyingi baba huhesabu peke yake akitembea kwenda sokoni, na mama husikia habari mzigo ukishushwa mlangoni. Waketi wote wawili, na daftari iwe mezani.

Sisi wachungaji tunazika watu wengi. Tumeona nyumba ikipakwa rangi usiku kucha kwa taa, mchanga ukimwagwa uani, kwa kuwa mwenye nyumba anarudi kesho ndani ya jeneza. Na mjane, matanga yakiisha, huuliza deni la rangi ni kiasi gani.

Na tuombe. Ee Bwana, utuhurumie sisi tuliokula miwa ikiwa bado shambani. Uwakumbuke wajane wanaodaiwa usiku huu. Amina.