Mnara wa Siloamu na Ajali za Barabarani

Dominika ya 3 ya Kwaresima, Mwaka C (Lk 13:1-9)



Injili ya leo inatutajia msiba uliojulikana na watu wote wa Yerusalemu: mnara wa Siloamu ulianguka ukawaua watu kumi na wanane. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba marehemu wale walikuwa wakosefu kupita wengine. Yesu anaikataa dhana hiyo waziwazi, kisha anawageukia walio hai na kuwaita watubu.

Nasi tunazo dhana zetu. Basi likipinduka, twasema, "Ajali haina kinga." Msibani twaongeza, "Siku yake ilikuwa imefika." Maneno hayo humtuliza mfiwa, na nani atamnyima mfiwa faraja? Lakini yakisemwa kabla hatujauliza lolote, yanaufunga mlango wa maswali. Tena yanamtwika Mungu makosa ya dereva aliyelewa, ya mwenye gari aliyekataa kubadilisha breki, na yetu sisi abiria tulioshangilia mwendo wa kasi.

Tuwatazame waliothubutu kuuliza. Mwaka 1917 kijana mmoja aitwaye Hugh DeHaven alikuwa akijifunza urubani huko Texas, Marekani. Ndege yake iligongana na nyingine angani. Alinusurika, lakini aliumia vibaya tumboni. Wengine wangesema ni bahati, yakaishia hapo. Yeye alijiuliza: kwa nini mmoja afe na mwingine apone katika anguko lile lile? Akashuku kwamba kifungo cha mkanda wake mwenyewe ndicho kilichomjeruhi.

Mwaka 1942 alianzisha utafiti wa majeraha ya ajali katika Chuo cha Udaktari cha Cornell, jijini New York. Kwanza alichunguza watu walioanguka kutoka majengo marefu wakapona, kisha ajali za ndege, na baadaye ajali za magari. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Katika jimbo la Indiana polisi walipima na kupiga picha magari yaliyogongana, madaktari wakaandika majeraha, na watafiti wakalinganisha taarifa hizo mbili: jeraha hili la kifua limetokana na usukani, jeraha lile la kichwa limetokana na kioo.

DeHaven alifundisha kwamba msafiri alindwe kama vile tunavyolinda mzigo wa vitu vinavyovunjika. Mama anayepeleka vyungu sokoni hafungi tenga ovyo. Huhakikisha kwamba tenga halifunguki njiani, vyungu havichezi, na kati yake pana majani ya kupunguza kishindo. Watu wengi siku zile waliamini kwamba ni heri kurushwa nje kuliko kubaki ndani ya gari linalopondeka. Utafiti ulionyesha kinyume: mlango ukifunguka na mtu akatupwa nje, hatari ya kufa huongezeka mno. Basi kwa magari ya mwaka 1956 watengenezaji wa Marekani wakaanza kuweka vitasa imara zaidi. Mwaka 1959 mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo, nchini Uswidi, akakamilisha mkanda unaoshika kifua na nyonga kwa pamoja, na kampuni hiyo ikawaruhusu wengine kuutumia bila malipo.

Wapendwa, sehemu ya pili ya Injili yatueleza fumbo la jambo hili. Mwenye shamba anautazama mtini usiozaa, anaona umekwisha. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi. Lakini hakai akitazama. Anapalilia, anatia samadi. Hilo ndilo tumaini la Kikristo: lina jembe mkononi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mbele ya makaburi ya vijana hao, nani atasema hapana la kupalilia?

Daktari William Haddon, aliyeongoza idara ya kwanza ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani tangu mwaka 1966, alifundisha kuitazama ajali katika nyakati tatu: kabla, wakati ule ule, na baada yake. Nasi tuifanye toba yetu kwa nyakati hizo tatu.

Kabla: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, yafundisha kwamba anayehatarisha maisha barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia nzito. Makatekista, mnapofundisha amri ya tano, msiishie kwenye panga na bunduki; litajeni pia gari. Nasi abiria tusione haya kumwambia dereva, "Ndugu, punguza mwendo."

Wakati wa ajali: tufunge mkanda, hata kama safari ni fupi, hata kama jirani anacheka. Mwenye pikipiki avae kofia ngumu, na aliyepakiwa vilevile.

Baada yake: tunapofika penye ajali, tuwe Wasamaria. Inasikitisha kwamba wapo wanaokimbilia mifuko ya majeruhi kabla ya majeraha yao. Tuite msaada, tukandamize kwa kitambaa safi jeraha linalovuja damu, wala tusimvute mtu ovyo mikono na miguu, isipokuwa pana moto au hatari nyingine inayomkaribia.

Hatuahidi kwamba misiba itakwisha. Minara itaanguka hata kesho. Lakini tusimsingizie Mungu yale tuliyopewa mikono na akili tuyazuie. Mwaka tulioombewa na mtunza shamba ndio huu. Tuutumie vema.

Mungu awalinde wote walio safarini, awape pumziko la milele marehemu wetu wa barabarani, na atupe moyo wa kulindana. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.