Umoja kwa Ajili ya Nani?

 

Wahitimu, mmesoma darasa moja, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na Wapentekoste. Kesho kila mtu anarudi kwao, na kabla hamjatawanyika nataka tuikumbuke Kikuyu.

Juni 1913 wamishonari wa Kiprotestanti walikutana Thogoto, huko Kikuyu, wakitafuta kuunda shirikisho la makanisa yao. Siku ya mwisho Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakashiriki. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliposikia, aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi. Shauri likafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Kanisa moja halikuzaliwa, ila misheni hizo ziliungana kikazi mwaka 1918, na mwaka 1926 zikafungua Alliance High School.

Wengi wetu huishia hapo, na Weston anabaki mpinga umoja. Lakini mwaka 1919 gavana wa kikoloni wa Kenya, Northey, alitoa waraka ukiwataka machifu wahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dk. John Arthur wa misheni ya Waskoti, waliandika tamko la pamoja. Walieleza madhara ya waraka ule, kisha wakakubali kazi ya shuruti iwepo, mradi iwekewe sheria na mipaka. Aliyekataa katakata ni Weston yule yule. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu cha kupinga kazi hiyo ya shuruti.

Jambo hili linaniuma. Madhehebu yalipatana, na mapatano yenyewe yakawaelemea watu ambao hawakuulizwa. Naupenda umoja wa Wakristo kwa moyo wangu wote, ndiyo maana sitaki muurithi bila kuuliza ni wa kumfaa nani.

Ukipangiwa kituo, mtafute mchungaji wa dhehebu jirani wiki ile ile, msijuane kwanza kwenye ugomvi wa waumini. Ulizaneni nani hapo anadhulumiwa: mjane anayenyang'anywa shamba la marehemu mumewe, kibarua asiyelipwa ujira wake. Nendeni wote wawili kwa chifu. Na siku mnapoandika tamko la pamoja, akatokea mwenzenu mmoja anayekataa kutia sahihi, mwacheni aseme mpaka amalize, halafu lisomeni upya tamko lenu.