Mita 60 za Nani? Wananchi na Ukanda wa Uoto Kandokando ya Mito ya Uluguru



Mkulima wa milimani Uluguru hasubiri mpimaji. Ekari yake ni hatua 70 kwa 70, kama mita 64 kila upande. Chukua shamba la namna hiyo linaloishia kwenye kijito, kisha umweleze mwenye nalo kwamba kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinalinda mita 60 toka ukingoni. Anabakiwa na mita 4, upana wa chumba na kibaraza. Baada ya hesabu hiyo, bango la "usilime hapa" kwake ni kuni.

Sheria yenyewe siilaumu. Ukiisoma kwa utulivu, inakataza shughuli za kudumu na zile zinazoharibu chanzo cha maji. Sioni mzinga wa nyuki ukiingia kwenye katazo hilo. Ila tukifika kijijini, "mita 60" huwa neno la kufukuzia watu.

Na faida ya ukanda wa uoto ipo, inaonekana kwa macho. Mteremko ukilimwa hadi ukingoni, mvua moja tu inakigeuza kijito kuwa rangi ya chai ya maziwa. Penye majani yaliyoshonana, maji yanapunguza mwendo na kuutua mzigo wake; udongo mwingi hunaswa kwenye mita chache za mwanzo. Mizizi inashika ukingo, kivuli kinapooza maji, vyura na ndege wanapata pa kupita. Tusitie chumvi lakini: kipwe wa Uluguru, ndege asiyepatikana kwingine duniani, hataokolewa na ukanda wa mtoni. Yeye anataka msitu wenyewe.

Milima hii ina kumbukumbu. Miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, mavuno hayakuonekana, na amri ilitoka juu. Mwaka 1955 ghasia zikalipuka Matombo, huku huku Uluguru, mradi ukafa. Mzee wa Kiluguru akiona leo gari la serikali limeshusha vigingi, msishangae akikunja uso.

Tunaposema "wananchi waunge mkono," tunamtazama mwenye jembe peke yake. Mwenye bomba kule Kimara, Dar es Salaam, anayekunywa maji ya Ruvu yaliyoanzia huku juu, hatumwiti hata kikaoni. Mashirika ya CARE na WWF yaliwahi kujaribu kumshirikisha mtumiaji huyo wa maji, huku Uluguru kwenye eneo la Kibungo Juu: wakulima wakalipwa kwa kutunza udongo na miti, na miongoni mwa walipaji lilikuwamo shirika la maji la Dar es Salaam. Kwangu mimi, huo ndio uungaji mkono: aliye chini kutia mkono mfukoni.

Napendekeza tuanze na hatua 10 kutoka ukingoni, zilizokubaliwa kwenye mkutano wa kijiji na kupimwa na mwenye shamba kwa miguu yake. Zipandwe mabingobingo ya kulishia mbuzi wa bandani, na mizinga itundikwe kwenye miti iliyopo. Eneo linalobaki hadi mita 60 lijadiliwe likiwa na fidia mezani. Najua wenzetu wa ofisi ya maji ya bonde la mto watasema nalegeza sheria. Waanze wao kuuliza maswali.