Kikombe Nilichokaa Nacho



Nimeombwa nikabidhi zawadi za mwaka za mchezaji bora na kocha bora. Mfungaji bora hana ubishi: msimu wa 2018/19 Meddie Kagere wa Simba alifunga mabao 23, yakahesabiwa, basi. Mchezaji bora huchaguliwa kwa macho, na macho hufuata mpira. Biashara United, timu ya hapa hapa Musoma, ilishika nafasi ya nne Ligi Kuu msimu wa 2020/21. Wangapi humu wanaweza kumtaja kocha?

Nilipokuwa kidato cha nne nilipewa kikombe hiki kwa kuifunga timu ya Bunda mabao mawili. Aliyestahili ni beki wetu, kijana wa Butiama, aliyecheza kipindi cha pili chote kifundo kimevimba. Nilijua hivyo, nikapokea, nikapigwa picha. Mwalimu aliyetufundisha hakupata kitu. Zawadi ya kocha haikuwapo. Nyumbani watoto wanakitumia kuwekea kalamu.

Leo nimekuja nacho. Yule beki ameketi meza ya nyuma, namwona anacheka. Ndugu yangu, hebu pita mbele.