Damu Haiombwi kwa Namba Pekee
Mhadhara wa umma, Keshero, Goma



Mtoto wa miaka miwili analetwa na malaria. Anapimwa, hemoglobini ni gramu 5 kwa desilita. Daktari hajamaliza hata kumgusa tumbo, baba ameshakunja mkono wa shati na shangazi yuko kwenye simu anatafuta mtu wa grupu O. Huku ukoo mzima ukimkodolea macho, daktari anaandika karatasi ya kuomba damu. Nani atathubutu kusema tungoje?

Mimi nasema kuna mtoto wa kungojewa. Utafiti wa TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa mwaka 2019, ulichukua watoto wenye hemoglobini kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari: wanapumua vizuri, wana fahamu zao, mkojo si mweusi, hawana selimundu. Baadhi waliongezwa damu papo hapo. Wengine waliangaliwa kwa karibu, wakaongezwa pale tu hali ilipoharibika au namba iliposhuka chini ya 4. Baada ya siku 28, vifo vya makundi hayo havikutofautiana, na karibu nusu ya walioangaliwa hawakuhitaji damu hata kidogo. Lakini kungoja si kumrudisha mtoto nyumbani. Kungoja kunataka muuguzi wa kumpima tena usiku, na pasipo muuguzi huyo, bora uongeze.

Jambo la pili la utafiti huo ndilo linalonikosesha usingizi, maana ni rahisi mno. Watoto wasio na homa walinufaika zaidi na mililita 30 za damu nzima kwa kila kilo. Wenye homa, 20. Kwa mtoto wa kilo 12, tofauti ni mililita 120, na kinachoamua ni kipimajoto cha kwapani. Ni wangapi kati yetu madaktari huandika joto la mtoto kwenye karatasi ya kuomba damu?

Kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, namba ileile inadanganya upande wa pili. Anapoteza maji na chembe kwa pamoja, kwa hiyo mwanzoni hemoglobini inaweza kusoma 10 huku mapigo yakikimbia na mikono ikiwa baridi. Anayesubiri ishuke chini ya 7 anasubiri maiti. Hapo mgonjwa asomwe kwa macho na vidole, damu iitwe mapema, na apewe gramu moja ya asidi ya traneksami ndani ya saa tatu tangu kujifungua, dawa ambayo utafiti wa WOMAN wa mwaka 2017 ulionyesha inapunguza vifo vya kuvuja damu. (Tena sisi tunaishi zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Hemoglobini ya kawaida ya mtu wa Goma iko juu kidogo kuliko ya mtu wa Mombasa, na vitabu vyetu vingi vimeandikwa na watu wa tambarare.)

Tahadhari ya kutoongeza damu ovyo ina historia nchini kwetu. Mwaka 1988 ulichapishwa uchunguzi wa Hospitali ya Mama Yemo, Kinshasa: watoto waliougua malaria, wakaishiwa damu, wakaongezwa, walirudi nyumbani wengine wakiwa na virusi vya UKIMWI. Leo tunapima virusi hivyo, homa ya ini B na C, na kaswende. Hatari imepungua sana, haijaisha, na hakuna kipimo kinachozuia moyo wa mtoto kulemewa na damu iliyozidi.

Kuna pia uhaba. Januari 2025, vita vilipoingia mjini Goma, majeruhi walijaa hospitali za Kyeshero na Ndosho. Siku kama zile, mfuko wa damu uliotumika jana bila sababu ndio unaokosekana leo kwenye meza ya upasuaji.

Nawaomba wakuu wa idara mambo mawili. Karatasi ya kuomba damu iwe na nafasi ya joto, upumuaji, fahamu na uzito, pembeni ya grupu. Na fundi wa benki ya damu apewe ruhusa ya kumpigia simu daktari aliyeziacha nafasi hizo wazi, hata akiwa profesa.